Kwa nini madaktari wa meno humwogopa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu

Mama mmoja wa Morogoro ameandika hivi: "Mwanangu wa kiume ana miaka saba na ana sikoseli. Magego yake mawili ya chini yametoboka, na moja linavimba mara kwa mara. Nimekwenda kwa madaktari wa meno watatu. Wa kwanza aliposikia sikoseli alinirudishia daftari langu bila hata kumwangalia mtoto. Wa pili alinitaka nilete barua kutoka kliniki ya damu. Nilipoipata barua, wa tatu akasema niende hospitali kubwa. Kila jino likivimba nanunua amoksilini na diklofenaki duka la dawa, na uvimbe unapungua. Je, ni kweli mtoto wa sikoseli hatibiwi meno? Wanaogopa nini? Na hizi dawa niendelee nazo?"

Mama, pole kwa mzunguko huo. Nianze na swali lako la kwanza kwa sababu jibu lake ni fupi: mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo wa chembe nyekundu za damu, anatibiwa meno. Anazibwa na anang'olewa kwa sindano ya kawaida ya ganzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika katika kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya, mradi siku hiyo mtoto hana homa wala maumivu ya ugonjwa wake, na mradi anayemtibu anajua mambo machache nitakayoyataja. Kinachohitaji hospitali kubwa ni kazi ya kumlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi, pamoja na jipu lililokwisha kusambaa kwenye taya au shingo. Kwa jinsi ulivyolieleza, jino la mwanao halijafika huko, ingawa likiendelea kuzungushwa linaweza kufika.

Swali la pili linahitaji maelezo marefu, kwa kuwa hofu uliyokutana nayo ina sababu zake na nyingine ni za kweli. Tafiti zilizowauliza madaktari wa meno katika nchi mbalimbali kuhusu watoto wenye magonjwa ya kudumu, kama ya moyo, damu, figo, kisukari, kifafa na saratani, hukutana na majibu yanayofanana: hatukufundishwa vya kutosha kwa vitendo, hatupati taarifa kutoka kwa daktari anayemtibu mtoto, muda hautoshi, malipo hayalingani na kazi, vifaa havipo, na wazazi huja mambo yakiwa yameshaharibika. Mimi mwenyewe ni daktari wa meno, na malalamiko hayo nayasikia kwa wenzangu hapa nchini kila tunapokutana. Hata hivyo orodha hiyo, pamoja na ukweli wake, inaficha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo mzizi wa mengine yote, nalo ni namna lawama inavyogawanywa.

Mtazame daktari aliyekaa mbele yako. Akimng'oa mwanao jino leo asubuhi na usiku mtoto akapata shambulio la maumivu, akalazwa, kila mtu atajua ni jino la nani lililomlaza, hata kama shambulio lingekuja vivyo hivyo kwa sababu ya baridi ya usiku ule. Akikwambia uende kwingine, na baada ya wiki kadhaa usaha wa jino lile lile ukamletea mtoto homa na shambulio, hakuna rejesta itakayoandika kwamba fulani alikataa kutibu. Kutibu kuna mwenyewe, kuahirisha hakuna mwenyewe. Ndiyo maana hata daktari mwenye roho nzuri anaweza kukurudisha nyumbani huku akiamini kwamba amemlinda mtoto. Kitabibu, kuahirisha nako ni uamuzi, na katika ugonjwa wa mwanao mara nyingi ndio uamuzi wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu maambukizi ni miongoni mwa vichocheo vikuu vya mashambulio ya selimundu, na bandama, kiungo kinachochuja vijidudu kutoka kwenye damu, kwa watoto hawa huharibika tangu miaka ya mwanzo ya maisha.

Tuje kwenye elimu. Mwanafunzi wa udaktari wa meno anayasoma magonjwa haya na anayajibu kwenye mtihani, lakini anaweza kuhitimu bila kumshika hata mtoto mmoja mwenye selimundu au tatizo la moyo akiwa peke yake kwenye kiti. Huko wilayani, ambako wananchi wengi hutibiwa meno, mara nyingi mtoa huduma ni tabibu wa meno mwenye stashahada, ambaye mafunzo yake yalilenga zaidi kuondoa maumivu kwa watu wenye afya nyingine nzuri. Sasa weka hilo kando ya ukweli mwingine: Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa aina hiyo duniani, na mikoa ya Kanda ya Ziwa imebeba mzigo mkubwa. Kwa hesabu hiyo hatuwezi kuendelea kuuchukulia ugonjwa huu kama jambo la nadra linalosubiri bingwa. Tabibu wa meno wa Sengerema au Geita atakutana na mtoto wa selimundu apende asipende.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi pengo la elimu linavyofanya kazi chumbani. Mtoto mwenye selimundu, akiwa mzima kabisa kwa kipimo chake, kwa kawaida huwa na himoglobini kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita. Huo ndio wingi wa damu aliouzoea, na mwili wake umejipanga kuishi nao. Daktari wa meno asiyelijua hilo akiona karatasi ya maabara imeandikwa 7.2, atamlinganisha na mtoto mwingine yeyote, ataona upungufu mkubwa wa damu, na atakataa kung'oa mpaka "damu iongezeke". Mama atarudi nyumbani kulisha mchicha, rozela na maini kwa mwezi mzima, kisha karatasi itarudi tena na 7.2, kwa sababu hapo ndipo ilipo siku zote. Kumbe swali sahihi lilikuwa: je, 7.2 ni kawaida yake, au ameshuka kutoka kwenye kawaida yake? Jibu la swali hilo limo kwenye kadi yake ya kliniki.

Mambo mengine ambayo daktari wa meno anapaswa kuyajua kuhusu mtoto wa namna hii hayajai ukurasa mmoja. Atibiwe asubuhi, akiwa amekula na amekunywa maji ya kutosha, kwa sababu ukavu wa mwili huchochea chembe nyekundu za damu yake kupinda na kuziba mishipa midogo. Asikae kwenye feni au kiyoyozi kikali. Ganzi iwe kamili kabla ya kugusa jino, kwani maumivu na hofu navyo ni vichocheo. Ganzi yenye adrenalini, ambayo zamani ilizua mabishano, kwa kiasi cha kawaida cha kazi ya meno leo inakubalika. Kama anatumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulio ya selimundu, kipimo cha damu cha karibuni kiangaliwe, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kupunguza chembe nyeupe. Na kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya madaktari wazoefu hulisahau: shambulio la selimundu linaweza kutokea kwenye mfupa wa taya, mtoto akalia jino wakati meno yake ni mazima, na mara nyingine mshipa wa fahamu ndani ya jino lisilo na tundu ukafa kwa kukosa damu. Kwa hiyo kila maumivu ya taya yanahitaji uchunguzi, ikiwezekana na picha ya eksirei, kabla koleo halijachukuliwa.

Nije kwenye barua, maana barua ndiyo imekuzungusha. Daktari wa meno wa pili hakukosea kuiomba. Kilichokosewa, nadhani, ni namna ilivyoombwa na namna ilivyojibiwa. Nimeona barua nyingi za aina hii kutoka pande zote mbili. Daktari wa meno huandika: "Naomba maoni yako kama mtoto huyu anaweza kung'olewa jino." Daktari wa kliniki ya damu, ambaye naye ana foleni ya wagonjwa nje ya mlango na ambaye mara ya mwisho kufikiria meno ilikuwa chuoni, hujibu: "Anaweza kung'olewa." Barua ya kwanza haikusema ni meno mangapi, kwa ganzi gani, na kazi itachukua muda gani wala kumwaga damu kiasi gani. Barua ya pili haikutoa taarifa yoyote ya kumsaidia anayeshika koleo. Karatasi mbili zimeandikwa, nauli imelipwa mara mbili, kwa kuwa kliniki ya damu ina siku yake na ya meno ina siku nyingine, na daktari wa tatu akiisoma anabaki na hofu ile ile aliyokuwa nayo wa kwanza.

Barua inayofaa kutoka kliniki inataja aina ya ugonjwa, himoglobini yake ya kawaida na ya karibuni, tarehe ya shambulio la mwisho na ya kuongezewa damu kwa mwisho, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, kama amewahi kupata kiharusi au tatizo la kifua, na namba ya simu ya daktari anayeweza kuulizwa siku ya kazi. Namba hiyo ya simu, kwa uzoefu wangu, ina thamani kuliko mistari yote iliyoitangulia. Madaktari wa meno wengi wanaokataa watoto hawa hawana mtu wa kumpigia. Wakiwa naye, hata kama hawampigii kamwe, mikono inatulia.

Utaniruhusu nitoke kidogo kwenye selimundu, kwa sababu wazazi wa watoto wenye magonjwa ya moyo watasoma jibu hili na hofu wanayokutana nayo ni kubwa zaidi. Kwa mtoto wa moyo, daktari wa meno anaogopa vijidudu vya kinywani kuingia kwenye damu wakati wa kung'oa na kwenda kushika kwenye vali au ukuta wa ndani wa moyo. Hofu hiyo ni ya haki, kwani maambukizi ya namna hiyo yanaweza kuua. Kinachowachanganya wenzangu ni kwamba miongozo imebadilika wakiwa kazini. Waliofundishwa zamani walizoezwa kumpa dawa ya kuua vijidudu karibu kila mwenye tatizo la moyo. Mwaka 2007 Chama cha Moyo cha Marekani kilipunguza orodha hiyo na kubakiza wenye hatari ya juu kabisa: wenye vali bandia, waliowahi kupata maambukizi hayo, wenye kasoro za kuzaliwa zinazowafanya wawe na rangi ya bluu ambazo hazijarekebishwa, waliorekebishwa kwa kiraka au kifaa ndani ya miezi sita iliyopita au waliobakiwa na kasoro kwenye kiraka, na baadhi ya waliopandikizwa moyo. Uingereza mwaka 2008 ikaenda mbali zaidi na kusema dawa hiyo isitolewe, kisha mwaka 2016 ikalegeza kauli kwa kusema isitolewe kama utaratibu wa kawaida tu. Daktari aliyeko Singida, ambaye amepata vipande vya mabadiliko hayo kwenye semina tofauti, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kuna ugumu wa ziada wa kwetu. Miongozo hiyo iliandikwa katika nchi ambako homa ya rumatiki, inayoharibu vali za moyo baada ya maambukizi ya koo, imekuwa adimu, ilhali Afrika Mashariki bado inawapata watoto wa umri wa kwenda shule. Mtoto wa namna hiyo huwa tayari anachomwa sindano ya penisilini kila mwezi, na kama anahitaji kinga kabla ya kung'oa, wataalamu wengi hushauri itumike dawa ya kundi jingine, kwa sababu vijidudu vya kinywa chake vimeshaizoea penisilini. Kwa asiyetumia penisilini na aliye kwenye orodha ya hatari, dozi inayotajwa ni amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi gramu 2, mara moja tu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi. Mtoto anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiachishwe na daktari wa meno kwa uamuzi wake mwenyewe. Apimwe kiwango cha kuganda kwa damu siku hiyo au siku moja kabla, na uamuzi ufanywe na wanaomtibu moyo. Jambo ninalolisisitiza kwa wazazi ni hili: kama mtoto anasubiri upasuaji wa moyo, iwe ni kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au popote, meno yake yatazamwe na kutibiwa mapema, kwa sababu jino bovu linalogunduliwa wiki ya upasuaji linaweza kuusogeza upasuaji wenyewe.

Magonjwa mengine nitayapitia haraka. Mtoto mwenye himofilia asichomwe ganzi ya kina nyuma ya taya wala asing'olewe bila kupewa kwanza protini ya kugandisha damu anayoikosa. Huyo kweli ni wa hospitali yenye kliniki ya damu, na daktari wa wilaya anayemkataa yuko sahihi, ilimradi ampigie simu daktari wa hospitali hiyo badala ya kumwachia mama kazi ya kutafuta. Mtoto wa saratani ya damu ana vipindi ambavyo chembe zake nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinashuka, na kazi isiyo ya dharura husubiri zipande. Mtoto wa kisukari atibiwe asubuhi baada ya chai na sindano yake ya insulini. Mwenye kifafa anayetumia fenitoini anaweza kuota fizi zikafunika meno, na hilo hurekebishika. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta. Ukitazama vizuri utaona kwamba wengi wa watoto hawa hawahitaji mashine yoyote ambayo kliniki ya wilaya haina.

Muda na malipo, hata hivyo, ni vikwazo ambavyo daktari mmoja hawezi kuviondoa kwa moyo mzuri. Mtoto aliyechomwa sindano nyingi tangu utotoni, ambaye kila koti jeupe kwake ni maumivu, hakai kwenye kiti dakika tano za kwanza. Wakati mwingine ziara ya kwanza huishia kwenye kuhesabu meno na kumwonyesha kioo, na hiyo ni kazi nzuri kabisa. Lakini malipo, yawe ya bima au ya taslimu, huhesabu jino lililotolewa au lililozibwa, hayahesabu dakika za kumtuliza mtoto wala simu ya kumtafuta daktari wa damu. Katika hospitali ya umma yenye watu wengi kwenye benchi, dakika arobaini za mtoto mmoja ni za watu wanne wengine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa kikamilifu inaweza kupunguza maumivu ya mfuko wa mzazi, ila kama kitita kitaendelea kulipia jino tu, daktari ataendelea kuchagua mgonjwa mwepesi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani kwamba semina za mafunzo peke yake zitatosha.

Kuhusu vifaa, wengi wetu tumezoea kuamini kwamba mtoto mgumu ni lazima alazwe kwa nusu kaputi, na kwa kuwa vyumba vya upasuaji ni vichache na foleni ni ndefu, imani hiyo inageuka kuwa kikwazo cha kujitengenezea. Njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine na kuziba kwa saruji inayotoa floridi ilianzishwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikasambaa duniani. Haina mlio, mara nyingi haihitaji sindano, na kwa tundu lisilofika kwenye kiini cha jino ni tiba kamili. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi inayopakwa juu ya tundu na kusimamisha uozo kwa muda wa dakika chache tu, ikiacha alama nyeusi, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Mtoto wa selimundu au wa moyo ndiye anayefaidika zaidi na njia hizi, kwa kuwa zinamwepusha na sindano, damu na usingizi kwa pamoja. Kama kliniki uliyokwenda ina vifaa vya mkono na saruji hiyo, gego moja la mwanao huenda lingezibwa siku ile ile.

Nisiwaache wazazi nje, maana nao wamo kwenye malalamiko ya madaktari wa meno, na wakati mwingine kwa haki. Wapo wanaoficha ugonjwa. Mtoto wa kifafa au anayeishi na VVU analetwa kama mzima, kwa sababu mama anaogopa macho ya watu kwenye benchi au anajua kwamba akitaja atarudishwa kama ulivyorudishwa wewe. Kila mtoto anayekataliwa baada ya mzazi kusema ukweli anawafundisha wazazi wengine kunyamaza, na daktari anayekataa hajui kwamba wa kesho atakuja bila kusema. Wapo pia wanaompeleka mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha kwa wanaong'oa kile kinachoitwa meno ya plastiki, yaani vichipukizi vya meno ya utoto vilivyomo ndani ya fizi. Kwa mtoto mwenye selimundu ambaye bado haijajulikana kuwa anayo, homa hiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa, na jeraha lile kinywani likamwongezea maambukizi. Kisha kuna sukari. Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari, na mtoto anayezinywa kila usiku kwa miaka analala nayo kwenye meno, tena akitoka kuchomwa sindano ananunuliwa soda kwa huruma. Sikulaumu kwa soda hiyo, mama, ila kuanzia sasa ampe maji baada ya dawa, na dawa ya meno yenye floridi iwe kitu cha mwisho kuingia kinywani kabla ya kulala.

Sasa mwanao. Jambo la kwanza ni kujua magego hayo ni yapi. Akiwa na miaka saba anaweza kuwa tayari ana gego la kudumu la chini, ambalo huota karibu na miaka sita nyuma ya meno yote ya utoto bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto. Gego la utoto lina muda wake, litatoka lenyewe kati ya miaka tisa na kumi na miwili. La kudumu ni la maisha yake yote, na linafaa kupiganiwa. Kama hilo linalovimba ni la utoto na kiini chake kimekufa, wengi wetu kwa mtoto mwenye selimundu hupendelea kulitoa kuliko kujaribu kuutibu mzizi wake, kwa sababu tiba hiyo ikishindwa inamwachia chanzo cha maambukizi. Hilo jingine, kama halimuumizi usiku, huenda linahitaji kuzibwa tu.

Siku yake ya kliniki ya damu inayofuata, omba barua yenye yale niliyoyataja juu, pamoja na namba ya simu, na uende na nakala ya kadi yake. Kisha nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha kinywa na meno, ukiwa na barua hiyo mkononi, asubuhi, mtoto akiwa amekula na amekunywa maji, na useme tangu dirishani kwamba ana sikoseli na kwamba jino lina usaha. Wakikuambia uende juu zaidi, omba kwa heshima rufaa ya maandishi inayotaja sababu na jina la kitengo unachopelekwa. Hiyo ni haki yako ya kawaida, na ombi hilo humfanya daktari afikirie mara ya pili kama sababu anayo. Akishang'olewa, kaa naye hapo hospitali mpaka damu ikatike, hakikisha anakunywa maji mengi siku hiyo na inayofuata, afunikwe vizuri usiku, na dozi zake za kila siku za haidroksiyurea na foliki asidi zisikatizwe kwa sababu ya jino, isipokuwa daktari wake aseme hivyo.

Na zile dawa za duka la dawa, acha kuzinunua kwa utaratibu huo. Amoksilini inapunguza uvimbe kwa sababu inafika kwenye nyama inayozunguka jino, lakini ndani ya jino lililokufa hakuna damu ya kuipeleka, kwa hiyo chanzo kinabaki na kila mzunguko vijidudu vinavyobaki ni vile vilivyoishinda dawa. Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa selimundu huumiza figo mapema na dawa za kundi hilo huziongezea mzigo, hivyo apewe tu kwa maelekezo ya daktari wake. Kwa maumivu ya kusubiri miadi tumia parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwa mtoto wa kilo 20 ni miligramu 200 hadi 300, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Ila kabla ya kumpa mpime joto, kwa sababu parasetamoli inaficha homa. Joto likifika nyuzi 38.5, au uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, au akashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usisubiri barua wala siku ya kliniki: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwenye chumba cha dharura, na hapo hakuna daktari mwenye sababu ya kumrudisha.